Ukisikia kiwanda cha magari ya umeme kinakuja, soma hivi kabla hujalipa ploti

Binamu yangu kanipigia saa nne usiku juzi, anahema kama mtu amekimbizwa, bro tuma milioni tatu leo leo, kuna ploti njia ya Kamuli, kampuni ya magari ya umeme inajenga kiwanda hapo karibu na dalali ana watu wengine watatu wanasubiri. Nikamuuliza kampuni gani, akasema ile kubwa. Nani amesema? Akanirushia WhatsApp, skrinshoti ya skrinshoti, maandishi yamefifia mpaka unakunja macho, imeandikwa kampuni "inafikiria" kuja Afrika Mashariki. Inafikiria! Hata mimi kila Desemba nafikiria kununua Prado.

Sikutuma. Ila nisijifanye mjanja, miaka ya nyuma nilishatuma, ya kiwanda cha betri, na mpaka leo hiyo ploti yangu ya futi 50 kwa 100 iko, mawe manne ya mipaka na mihogo katikati, kila msimu mama mmoja wa hapo ananipigia kwa heshima kabisa, "mwanangu, nipande mahindi mwaka huu ama kiwanda kinakuja?" Basi ndio maana naandika hii. Sisi tuliokulia Walukuba hapa Jinja, Uganda, wazee wetu walifanya kazi Nytil, kile kiwanda cha nguo, wengine kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba iliyokuwa inatoka mgodi wa Kilembe kwa treni, tunajua kiwanda kikiwepo hauhitaji dalali wa kukuambia.

Kwanza soma kitenzi. Ndio, kitenzi, kama shuleni. "Inafikiria", "inazungumza na serikali", "imesaini makubaliano ya awali", hizo zote ni maneno ya mdomo, hata ile MOU ni karatasi tu, mtu anaamka kesho anaiacha na hakuna polisi atamfuata. Unatafuta "imelipia ardhi", "imepata kibali", "imeanza kumwaga zege", na ya mwisho kabisa "gari la kwanza limetoka". Chukua Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, maana hao ndio kila mtu anawataja. Machi 2023 walisema wanajenga Mexico, jimbo la Nuevo León karibu na Monterrey, watu wakafurahi na bei za ardhi zikaanza kusemwa, Julai 2024 bosi wao Elon Musk akasema tunasubiri kwanza uchaguzi wa Marekani tuone kama ushuru utapandishwa. Nenda India, Aprili 2024 alikuwa aende kuonana na waziri mkuu, dakika za mwisho akaahirisha, na India walikuwa wamemlainishia njia kweli, mwezi uliotangulia walitoa sera kwamba ukiweka angalau dola milioni 500 na ujenge kiwanda ndani ya miaka mitatu unaingiza idadi fulani ya magari kwa ushuru wa asilimia 15 wakati wengine walikuwa wanagongwa mpaka 70 na 100. Julai 2025 Tesla walifungua Mumbai, lakini walichofungua ni shoorumu. Duka! Magari yanatoka nje.

Sasa linganisha na Shanghai. Tesla walisaini kujenga kiwanda huko China Julai 2018, Januari 2019 wakaanza kuchimba kwenye tope, tarehe 30 Desemba 2019 wafanyakazi wa kwanza wanakabidhiwa magari. Mwaka haujaisha. Kwa hiyo kampuni ikiwa inataka kweli haichukui miaka kumi "inafikiria", utaona matingatinga.

Halafu uliza swali ambalo dalali hajawahi kujibu: hayo magari atanunua nani, na ushuru wa hapo uko vipi? Watu wanadhani kiwanda kinafuata wafanyakazi wa bei rahisi, hapana, mara nyingi kinaruka ukuta wa ushuru. Angalia BYD, kampuni ya magari ya umeme ya China. Ulaya mwaka 2024 iliwaongezea ushuru wa asilimia 17 juu ya ile 10 ya kawaida, na wao tayari walishasema wanajenga Szeged, Hungary, ndani ya ukuta. Brazil nayo ilianza kupandisha ushuru wa magari ya umeme kidogo kidogo mpaka 35, BYD wakaingia Camaçari, kwenye kiwanda ambacho Ford waliacha 2021. Thailand wakafungua Rayong Julai 2024, uwezo wa magari 150,000 kwa mwaka. Kila mahali unakuta soko kubwa la magari mapya na ukuta. Sasa rudi kwetu, nenda bondi yoyote, yadi ya kuuzia magari, pale Nakawa, Kampala, uhesabu gari ngapi ni mpya kutoka kiwandani, ni Noah, Premio, Harrier, zote zimeshazeekea Japani kwanza, tena tangu 2018 sheria imezuia zile zilizopita miaka 15, kabla ya hapo tulikuwa tunaletewa mababu. Mtu anayetafuta Premio ya milioni 30 si mteja wa gari jipya la umeme, na kampuni za nje wanajua hivyo kuliko sisi. Mtu akikwambia wanakuja kuuza Uganda peke yake, cheka. Akisema wanakuja kuuza Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima, hapo msikilize kidogo, alafu muulize mizigo itapitaje mpakani Malaba, maana Mombasa mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100 na wewe unaijua ile foleni ya malori.

Umeme na maji. Hapa watu hawaangaliagi kabisa na ndio penye siri. Kiwanda cha Tesla cha Grünheide karibu na Berlin kilitangazwa Novemba 2019, walitaka gari litoke Julai 2021, lilitoka Machi 2022, na kilichowachelewesha sehemu kubwa ni vibali, wenyeji walilalamika juu ya maji, Februari 2020 mahakama ikasimamisha ukataji wa miti kwa muda, kulikuwa mpaka na kesi ya mijusi, mijusi ndugu yangu, ilibidi ihamishwe. Machi 2024 wanaharakati wakachoma nguzo moja ya umeme huko porini, kiwanda kizima kikalala siku kadhaa. Nguzo moja. Kwa hiyo ukifika kwenye hiyo ploti acha kuangalia mandhari, inua kichwa uangalie waya. Kuna laini kubwa inapita? Sabstesheni, kile kituo cha kupozea umeme, iko wapi? Usiniambie sisi tuna mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na sasa Karuma ya megawati 600, umeme uko ndio, lakini kati ya bwawa na kijiji chako kuna nguzo za mbao ambazo mvua ikinyesha zinainama. Kiwanda cha magari hakiwashwi na transfoma ya kanisa.

Kwenye namba za uzalishaji usiogope, tumia akili ya taksi, yaani matatu. Taksi imeandikwa abiria 14, hiyo ni uwezo. Wewe hesabu waliokaa. Kampuni ikisema "kiwanda cha magari laki mbili" imekuambia viti, bado haijakuambia abiria. Tesla walisema Model 3 zitafika 5,000 kwa wiki mwisho wa 2017, ile robo ya tatu ya mwaka huo walitoa 260, miezi mitatu yote, magari 260! Walifika 5,000 mwisho wa Juni 2018, tena baada ya kusimamisha hema nje ya kiwanda cha Fremont na kuunganishia magari humo, maana roboti walizokuwa wanazisifu ziliwashinda wakarudisha watu. Walikuwa na lengo pia la magari milioni 20 kwa mwaka ifikapo 2030, wakaja kulitoa kwenye ripoti yao kimya kimya 2024, na mwaka huo waliuza kama milioni 1.79, chini kidogo ya 2023. Hao ndio wakubwa. Sasa dalali wa njia ya Kamuli anakuambia laki moja mwaka ujao, eeh.

Uliza tena kama wanakuja kutengeneza au kuunganisha. Gari likija kwa vipande kwenye kontena mkaliunganisha, ni kazi ya halali na inafundisha vijana, Volkswagen wamefanya hivyo Kigali tangu 2018, ila haijazi mji. Kinachojaza mji ni wale wa pembeni, wa viti, wa vioo, wa nyaya, ukiona hao nao wanatafuta ardhi basi jua. Na usidanganyike na hadithi ya madini ya betri, eti tuna kobalti Kilembe na grafaiti Orom kule Kitgum basi kiwanda lazima kije, jirani zetu Kongo wanachimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia nzima na hawajaona kiwanda cha gari.

Kama unataka kujifunzia mfano wa karibu, panda boda mpaka Kagogwa hapa Jinja uone Kiira Motors, wale wa mabasi ya umeme. Watu wanaicheka sana, mimi siichekagi. Kile kigari chao cha umeme cha viti viwili cha Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa 2011, basi la Kayoola la sola 2016, ujenzi wa kiwanda umeanza 2019 na jeshi kupitia kampuni yake ya NEC, na hatua ya kwanza walisema magari 5,000 kwa mwaka. Hesabu mwenyewe, miaka minane kutoka gari la majaribio mpaka msingi, na hiyo ni kampuni ya serikali yenye ardhi yake ekari 100. Na kuchagua basi badala ya gari dogo naona walitumia akili, mteja mmoja anachukua mengi, njia inajulikana, usiku linalala sehemu moja linachajiwa.

Mwisho fanya vile nilivyomwambia binamu. Usiende na dalali. Nenda siku ya kazi, anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, umuulize kama kuna mkutano wa wananchi umeitwa kuhusu fidia au mazingira, maana mradi mkubwa lazima upitie NEMA, mamlaka ya mazingira, na watu wa hapo watakuwa wamesikia. Uliza mama wa duka kama ameona watu wa kupima ardhi wamelala hapo. Hati ipeleke ofisi ya ardhi wakuangalizie, usikubali picha yake kwenye simu. Angalia waya.

Jumanne akaenda. Chairman hajasikia kitu, mama wa duka akamuuzia soda akamuuliza wewe ni wa ngapi. Jioni binamu hakupiga simu, alituma picha moja tu bila maneno: jiwe la mpaka na mbuzi amefungwa hapo. Nikamjibu, wenzako huuziwa kwenye gunia, wewe wamekuonyesha kabisa.