Jinsi ya kulisha mirkati wa kufugwa bila kuwanenepesha

Mirkati ni nguchiro wadogo wa Kalahari na nyika kavu za kusini mwa Afrika. Porini hushinda wakifukua mchanga kutafuta mbawakawa, viwavi, nge na jongoo, mara mojamoja mjusi au yai. Wakifugwa, chakula huwafuata kwenye bakuli, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Wananenepa, lehemu (kolesteroli) ya damu inapanda, na wako waliopasuliwa baada ya kufa wakakutwa na vinundu vya lehemu hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mtunzaji mgeni namwanzisha na mizani, bakuli baadaye.

Hatua ya 1: Pima uzito
Mkubwa wa porini huwa na gramu 700 hivi. Watafiti wanaofuatilia makundi ya mto Kuruman, Afrika Kusini, tangu 1993 huwavutia mirkati wa porini wapande mizani kwa vipande vya yai la kuchemsha. Nawe fanya hivyo kila wiki, asubuhi kabla hawajala, uandike. Uzito ukipanda wiki hadi wiki, punguza chakula.

Hatua ya 2: Wadudu wawe ndio msingi
Tumia nyenje, panzi na mende wa kufugwa. Funza wa unga wana mafuta mengi, hao wabaki kuwa zawadi. Wadudu wengi wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo washibishe majani mabichi siku moja kabla. Kisha watie kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, utikise taratibu mpaka waonekane weupe, uwatoe papo hapo: nyenje hujisafisha, na ukichelewa unga wote umeshapukutika. Wadudu wa kuokota mashambani usiwape kabisa, huenda wamepuliziwa dawa.

Hatua ya 3: Nyama kidogo, tena nzima
Panya mdogo au kifaranga wa siku moja anatosha, na si kila siku. Kifaranga mpasue tumbo utoe kile kifuko cha kiini cha njano; mafuta mengi yamo humo. Chakula cha paka hupendwa na wafugaji wengi kwa urahisi wake, lakini mimi sikubali kiwe mlo wa kila siku. Nyama yote igandishwe vizuri kabla ya kutumika, na paka wasikaribie stoo wala mchanga wa banda. Vimelea vya toksoplasma, vinavyoenezwa na kinyesi cha paka na nyama mbichi, huua mirkati haraka.

Hatua ya 4: Tawanya, fukia
Gawa mlo mara kadhaa kwa siku. Fukia mchangani, ficha chini ya mawe na magogo, sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Bakuli moja hutekwa na wakubwa wa kundi, wanyonge wakabaki na njaa. Kukiwa na watoto ongeza sehemu, kwa kuwa wakubwa huwapelekea chakula. Porini hata huwafundisha kula nge, kwanza aliyekufa, baadaye aliyeng'olewa mwiba, mwisho mzima.

Vipande vichache vya mboga si vibaya. Matunda yawe machache kwa sababu ya sukari. Parachichi, kitunguu, zabibu, chokoleti na biskuti za wageni ni marufuku. Maji safi yawepo muda wote.

Ukiona mmoja anatafunia upande mmoja au anadondosha chakula, kagua meno na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.