Jinsi ya kujua vipuri vya gramafoni vimetoka wapi

Juzi mama mmoja wa Mkomani, hapa Lamu, aliniletea gramafoni yenye pembe ya shaba na picha ya mbwa wa kampuni ya His Master's Voice (HMV) ubavuni. Mwanawe alimnunulia apate kusikia tena sahani za Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. "Fundi, niambie kweli, ni ya kale?" Nilipoifungua nikakuta mota ya kale ndani ya sanduku jipya, na aliyeiuza alitoza bei ya kale tupu. Iliniuma. Basi fanya hivi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Maliza nguvu ya springi. Acha sahani izunguke mpaka isimame yenyewe. Springi iliyojaa ikifyatuka hukata vidole. Usisafishe kitu bado, maana kutu na vumbi ni ushahidi.

Hatua ya 2: Soma mota. Fungua ubao wa juu, upindue, umulike kwa tochi. Thorens na Paillard ni za Sainte-Croix, Uswisi. Garrard ni ya Swindon, Uingereza. Herufi D.R.G.M. ni za Ujerumani, na S.G.D.G. za Ufaransa. Lakini usikimbilie kuhukumu: watengenezaji wengi wa Uingereza walinunua mota Uswisi, kwa hiyo nchi mbili ndani ya sanduku moja si kosa.

Hatua ya 3: Pima skrubu. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu, kwa sababu nembo hubandikwa na mtu yeyote, lakini skrubu wachache huikumbuka. Waingereza walitumia sana skrubu za BA, kipimo chao wenyewe. Uswisi na Ujerumani walitumia za milimita. Skrubu ya 2BA ina unene wa milimita 4.7, na ya M5, ya milimita, ina milimita 5, ila nafasi kati ya meno karibu ni ile ile: 0.81 na 0.8. Ndiyo maana 2BA huingia kwenye nati ya M5 ikichezacheza, na M5 hukwama kwenye nati ya 2BA. Ukihisi mojawapo, simama, chukua kalipa, kile chombo cha kupimia unene. Ukilazimisha utaua meno ya miaka tisini. Tazama na kichwa chake pia: skrubu ya nyota ilipata hataza miaka ya 1930, kwa hiyo ukiikuta kwenye mashine ya mwaka 1910, jua kuna mkono uliopita.

Hatua ya 4: Kichwa cha sauti, yaani kile kinachoshika sindano na kutoa sauti. HMV namba 4 ina kiwambo (ile ngozi nyembamba inayotikisika) cha ulanga, kinachopenya mwanga kama kipande cha kioo. 5A na 5B, zinazoonekana sana kwenye HMV 102 ya kubebeka, zina cha alumini. Kama kichwa chenyewe ni cha aloi ya zinki yenye nyufa, usikikaze hata kidogo.

Hatua ya 5: Sanduku na pembe. Gramafoni nyingi za pembe zinazouzwa kwa watalii zimeundwa India kwa mota zilizotolewa kwenye mashine za kubebeka. Chungulia chini ya ubao: mbao mbichi, au matundu ya skrubu yasiyo na kazi, yatakwambia.

Mwisho, andika ulichokikuta kwenye karatasi, uibandike ndani. Ya yule mama inasomeka: mota, Uswisi; kichwa, Uingereza; sanduku na pembe, vipya. Alitaka nimsomee mara mbili, kisha akaomba sindano mpya, moja kwa kila upande wa sahani.