Kazi ya msanifu taarifa: kutoka sensa ya maudhui hadi jaribio la mti

Msanifu taarifa ndiye anayeamua kila kitu kwenye tovuti au mfumo mwingine wa taarifa kikae wapi, kiitwe jina gani, na mtu akifikie kwa njia ipi. Hachori kurasa, haandiki programu, wala si mwandishi wa maudhui, ingawa hufanya kazi bega kwa bega na hao watatu. Jina la kazi hii lilianza kuvuma Marekani mwaka 1976, pale msanifu majengo Richard Saul Wurman alipoongoza mkutano wa kitaifa wa wasanifu majengo mjini Philadelphia na kuupa mada ya usanifu wa taarifa. Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville, waliosomea ukutubi, wakatoa kitabu kilichoihamishia kazi hiyo kwenye tovuti. Mwaka 2000 wenye fani wakakutana Boston kujadili mipaka yake. Huo ukutubi si jambo la kupita tu: aliyezoea kuandaa katalogi na kuamua kitabu kikae rafu ipi anao tayari ujuzi mgumu kuliko wote katika kazi hii.

Kwa anayetaka kuifanya, fani inaeleweka haraka zaidi kwa kutazama kinachokabidhiwa mwishoni. Tuchukue tovuti ya halmashauri ya wilaya nchini Tanzania, maana kosa kubwa kuliko yote huonekana humo: menyu inafuata idara. Mwananchi anayetafuta mkopo wa asilimia kumi (ule wa halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu) hajui kwamba unashughulikiwa na idara ya Maendeleo ya Jamii, na hana sababu ya kujua.

Anza na sensa ya maudhui. Fungua Excel, upe kila ukurasa na kila faili mstari wake. Safu zinazotosha ni saba: namba, kichwa, anwani, aina, mwenye dhamana, tarehe ya kurekebishwa mara ya mwisho, na uamuzi (ibaki, irekebishwe, iunganishwe, iondolewe). Namba zifuate ngazi: 2, 2.1, 2.1.3, ili mtu akisema "tatizo liko 2.1.3" wote mjue ni wapi. Wengi huhesabu kurasa na kusahau faili za PDF, ilhali fomu nyingi za halmashauri zimo humo, tena zimeskaniwa zikiwa na mhuri. Faili ya aina hiyo ni picha tu; injini ya utafutaji ya tovuti kwa kawaida haisomi maneno yaliyo ndani yake. Iwekee alama kwenye sensa mapema, kwa sababu itabidi ichapwe upya.

Hatua ya pili ni kupanga kadi. Chagua vitu 30 hadi 60 kutoka kwenye sensa, kila kimoja kwenye kadi yake, na namba nyuma ya kadi. Mpe mtu kadi zote, mwambie azipange katika mafungu yanayomwingia akilini, kisha alipe kila fungu jina. Watu 15 wanatosha. Ndiyo idadi aliyoipendekeza Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, mwaka 2004, na zaidi ya hapo unalipia muda kwa faida ndogo. Wawe ni watumiaji wenyewe: mwenye duka, fundi ujenzi, mwanakikundi cha akina mama, mtendaji wa kijiji. Watumishi wa halmashauri wakijaa kwenye zoezi watakurudishia chati ya idara zao.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni maneno ya kadi yenyewe. Kadi kumi zikianza na "Fomu ya…", utapata fungu la "Fomu" na hutajifunza chochote, maana watu hulinganisha maneno badala ya mahitaji. Andika "kibali cha kujenga nyumba" badala ya "Fomu ya maombi ya kibali cha ujenzi". Ya pili ni heshima. Ukimketisha mkuu wa idara meza moja na karani wake, karani atanyamaza. Kila mtu apange peke yake, na wewe uandike anachokisema anaposita na kadi mkononi. Hayo maneno ya kusitasita mara nyingi ndiyo lebo bora za menyu.

Baada ya hapo hesabu jozi: ni watu wangapi kati ya 15 waliweka kadi A na kadi B pamoja? Zikikutana kwa watu 12, ziweke pamoja bila wasiwasi. Kadi iliyogawanyika, saba huku na wanane kule, ipewe makao mamoja na linki kutoka sehemu ya pili. Usiinakili kwenye kurasa mbili: siku ada itakapobadilika, mmoja utasahaulika. Fungu la "Mengineyo" likizidi kadi tatu au nne, muundo wako bado una tundu.

Sasa lebo. Kanuni ni kutumia neno la mtafutaji, na jina rasmi liandikwe ndani ya ukurasa. "Mikopo ya vikundi" itabofywa. "Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi" itapitwa. Kwenye orodha za alfabeti Kiswahili kina mtego wake. Ukianza kila huduma kwa kitenzi, "kulipa", "kuomba", "kusajili", zote zitarundikana kwenye K. Ukianza na "Maombi ya" na "Malipo ya", zitahamia M. Tanguliza jina la kitu: "Kiwanja: kuomba", "Leseni ya biashara: kuhuisha". Orodha itatawanyika vizuri, na jicho litashika neno muhimu kwanza.

Mtego huohuo uko kwenye utafutaji. Injini nyingi zimeundwa kwa lugha ambazo wingi huongezwa mwishoni mwa neno, lakini sisi tunabadilisha mwanzo: kiwanja na viwanja, mkopo na mikopo, cheti na vyeti. Anayeandika "kiwanja" anaweza asiuone kabisa ukurasa wenye "viwanja" peke yake. Tengeneza orodha ya istilahi yenye safu tatu: neno teule, maumbo na visawe vyake, na makosa ya tahajia yanayojirudia. Mpe mwandika programu aiunganishe na injini. Kila mwezi chukua maneno 50 yaliyotafutwa zaidi, pamoja na yale yote yaliyoleta majibu sifuri, uongeze yanayofaa. Hakuna kazi ya bei nafuu kuliko hii yenye faida kubwa kama yake, na karibu kila mahali haifanywi.

Kabla ya kuchora chochote, fanya jaribio la mti. Unaondoa rangi, picha na kisanduku cha kutafutia, unabaki na majina ya menyu kwa ngazi zake. Mwaka 2003 Donna Spencer, msanifu taarifa, alieleza namna ya kulifanya kwa kadi za karatasi, na mpaka leo karatasi inafanya kazi vizuri pale ambapo intaneti ni ya kusuasua. Andaa kazi nane hadi kumi, zisizidi, maana mtu huanza kuzoea mti na majibu yake hupoteza thamani. Kazi isitaje neno lililo kwenye menyu. Usiseme "tafuta mikopo ya vikundi", sema "Dada yako na wenzake wanne wanashona nguo na wanataka fedha za kununulia cherehani. Utaingia wapi?" Andika alipoanzia, kama alirudi nyuma, na alipoishia. Jaribio la mtandaoni linahitaji watu wapatao 50. Ukiona wengi wanafika lakini baada ya kurudi nyuma, lebo ya ngazi ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Wakipotea wote mahali pamoja, kitu hicho kihamishie hapo walipokitafuta.

Kinachokabidhiwa ni sensa, ramani ya tovuti, orodha ya istilahi, matokeo ya majaribio, na michoro ya kurasa muhimu kwa penseli au kwa mistari mitupu. Ongeza jedwali la anwani za zamani na mpya, ili kila ya zamani ielekezwe kwa msimbo 301, yaani jibu la seva linalompeleka mtu moja kwa moja kwenye anwani mpya. Bila hilo, linki zote zilizokwisha kusambazwa WhatsApp zitakufa siku ya uzinduzi.

Mwajiri anayeandika hadidu za rejea ataje vitu hivyo kimoja kimoja. Akiandika "kuboresha mwonekano wa tovuti", atapata rangi mpya juu ya menyu ileile. Malipo ya awamu ya pili yafungwe kwenye jaribio la mti: kwa mfano, katika kila kazi, angalau watu 7 kati ya 10 wafike mahali sahihi kabla msimbo wowote haujaandikwa.