Waja leo, waondoka leo: kusafisha akaunti za mfumo wa chuo

Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Walimu wa vyuoni wanaufuata vizuri. Akaunti zao ndizo hazihami. Nilipoanza kazi ya TEHAMA chuoni, nilikuta mwalimu wa muda aliyeondoka mihula mitatu nyuma bado anaweza kuingia kwenye mfumo wa matokeo na kubadili alama. Nywila yake? Jina la chuo na mwaka.

Kabla hujaomba bajeti ya fayawoli, yaani kizuizi cha wavamizi wa mtandao, fanya kazi hii. Ni ya wiki moja.

Hatua ya 1. Chukua utumishi orodha ya wanaolipwa mwezi huu, pamoja na mikataba ya walimu wa muda. Orodha ya kichwani usiikubali. Toa akaunti zote kwenye mfumo, kisha linganisha kwa namba ya mtumishi. Ukilinganisha majina utaumia: Mwanahamisi mmoja kaandikwa namna tatu.

Hatua ya 2. Akaunti isiyo na mwenyewe ifunge, usiifute. Ukifuta unaweza kupoteza kumbukumbu ya nani aliingiza alama gani, na rufaa ya mwanafunzi haingoji.

Hatua ya 3. Akaunti za pamoja. Hapa ndipo penye vita. Kwetu nywila ya ofisi ya taaluma ilibandikwa chini ya kibodi, kwa kalamu nyekundu. Mama mkuu wa ofisi akaniambia, "Mwanangu, sisi hapa tunaaminiana." Nikamjibu, "Ni kweli mama. Ila siku alama ikibadilika, mfumo utaonyesha 'taaluma', na taaluma ni ninyi wanne." Alinyamaza kidogo, akaniuliza akaunti yake ataipata lini.

Ukikwama, nenda kwa mkuu wa chuo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023. Matokeo na taarifa za wanafunzi zimo humo.

Hatua ya 4. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya muda, kwa wanaogusa alama na ada, wengine watafuata. Tumia programu ya simu inayotoa namba za muda, si SMS. Tapeli akifanikiwa kurudisha laini kwa jina lako, ujumbe wote unaingia kwake.

Hatua ya 5. Bakapu, yaani nakala za akiba za data: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya chuo. Na moja isiunganishwe na mtandao kabisa. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilifunga faili kila kilipofika. Diski usiiweke dirishani, chumvi ya bahari yetu mnaijua. Kila mwezi rejesha faili moja uone kama inafunguka.

Hatua ya 6. Fomu ya makabidhiano ya anayeondoka iongezwe mstari: TEHAMA, saini, tarehe. Kwetu umekaa kati ya maktaba na stoo.