Hesabu ya kufanya kabla ya kufunga skrini kubwa kwenye bodi ndogo ya kompyuta

Mafundi wengi wa Arusha na Moshi tunaofunga skrini za matangazo kwenye hoteli na ofisi za utalii huanza na ukubwa wa kioo, ilhali kinachopaswa kutangulia ni hesabu ya pikseli ambazo prosesa italazimika kuzituma kila sekunde.

Chukua skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inayoonyesha fremu 60 (picha kamili 60) kwa sekunde. Pamoja na pikseli zinazoonekana, waya wa HDMI hubeba pia nafasi tupu za pembeni, hivyo fremu nzima huhesabiwa kuwa 2200 kwa 1125. Zidisha namba hizo, kisha zidisha kwa 60, nawe utapata megahezi 148.5. Skrini ya 3840 kwa 2160, yaani 4K, ina fremu nzima ya 4400 kwa 2250. Kwa fremu 30 inahitaji megahezi 297, na kwa fremu 60 inahitaji 594. Jibu lako lisizidi kikomo kilichotajwa kwenye maelezo ya kiufundi ya prosesa. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nayo ina mzigo wake: pikseli moja ikichukua baiti 4, skrini hiyo kubwa kwa fremu 60 husoma karibu gigabaiti 2 kila sekunde.

Kwenye Raspberry Pi 4, mojawapo ya bodi hizo ndogo, skrini mbili za 4K hupata fremu 30 kila moja. Ukitaka 60, funga skrini moja tu kwenye tundu la HDMI0, lililo jirani na tundu la umeme, kisha ongeza mstari hdmi_enable_4kp60=1 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya bodi. Bodi itapata joto zaidi, kwa hiyo ifungie kipoza joto.

Video ina kikomo chake cha pekee, na hapa ndipo wengi hupotea. Niliitwa Moshi kwenye ofisi yenye Raspberry Pi 4 ambayo maandishi yalisomeka vizuri lakini video ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikwamakwama, hata baada ya mwenyewe kununua waya mpya. Nilipoipima kwa ffprobe, programu ya kukagua video, nikaona ni ya 4K iliyobanwa kwa H.264, mfumo wa kubana video, na bodi hiyo hufungua H.264 kwa urahisi hadi 1920 kwa 1080 tu, wakati mfumo mpya zaidi, H.265, huufungua hadi 4K. Niliipunguza video hadi 1920 kwa 1080, ikatiririka. Kwa ratiba za safari na picha zisizotembea, fremu 30 zinatosha kabisa.