Tovuti za ajira au wakala: namna ya kutumia njia zote mbili bila kujiharibia

Watafuta kazi wengi ninaokutana nao hapa Dar es Salaam huuliza iwapo wakomae na tovuti za ajira au wapeleke wasifu wao kwa wakala. Jibu langu hutegemea mambo mawili: aina ya nafasi wanayoitaka, na nani anayemlipa wakala huyo. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mtazamo huo.

Hatua ya kwanza ni kujua nafasi unayoitafuta hutangazwa wapi. Nafasi za serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na maombi yake hutumwa kupitia Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni, kwa hiyo mtu anayedai kwamba kwa kiasi fulani cha fedha anaweza "kukuunganisha" huko ni tapeli, hata kama amevaa suti na ana ofisi Kariakoo. Nafasi za kati katika kampuni binafsi, kama vile za wahasibu na maafisa mauzo, utazikuta zaidi kwenye tovuti binafsi za ajira kama LinkedIn. Nafasi za juu ni jambo jingine. Mwajiri anayetaka kumbadilisha meneja wa fedha ambaye bado yupo kazini hawezi kutangaza nafasi hiyo hadharani. Atampa kazi hiyo wakala, naye wakala atapiga simu kimyakimya kwa watu ambao wasifu wao anao tayari.

Hatua ya pili ni kuandaa nyaraka kabla tangazo halijatoka. Ajira Portal haina huruma katika hili: unahitaji namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), barua ya maombi iliyosainiwa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne au cha sita pamoja na vya taaluma, na wadhamini watatu wanaopatikana kwa simu. Hati za matokeo hazipokelewi badala ya vyeti, na aliyesoma nje ya nchi hana budi vyeti vyake viwe vimehakikiwa na TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (elimu ya ufundi) kulingana na ngazi ya elimu yake. Kama jina lililopo kwenye cheti halifanani na lile la NIDA, lishughulikie sasa, kwa sababu siku ya mwisho ya maombi haitakusubiri.

Hatua ya tatu ni kuandika wasifu unaoweza kutafutwa. Kwenye tovuti binafsi, afisa rasilimali watu mara nyingi hasomi wasifu mmoja baada ya mwingine. Huandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na kuangalia majina yanayojitokeza. Mhasibu aliyeandika "nina ujuzi mzuri wa kompyuta" hatajitokeza, ilhali aliyetaja programu za uhasibu za Tally na QuickBooks, pamoja na ritani za VAT, atajitokeza, hata kama wa kwanza ndiye mwenye uzoefu mkubwa zaidi. Soma tangazo, uone maneno ambayo mwajiri ameyatumia, kisha uyatumie hayohayo pale yanapokuwa kweli kwako.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo inayowaponza wengi, ni kumchunguza wakala. Wakala halali hulipwa na mwajiri, aghalabu sehemu fulani ya mshahara wa mwaka wa mtu aliyeajiriwa, na kwa hiyo humtumikia mwajiri. Usimlaumu akikaa kimya, kwa maana hakuajiriwa na wewe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba mfanyakazi asitozwe ada, isipokuwa pale mamlaka za nchi zitakaporuhusu kwa makundi maalumu. Ukiombwa "hela ya fomu", "hela ya sare" au "hela ya kupima afya" itumwe kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, acha mazungumzo hapo hapo. Asipoomba fedha, bado muulize maswali haya: leseni yako ya uwakala iko wapi, mwajiri ni nani, na mkataba wa kazi nitausaini na nani? Jina la kampuni yake litafute pia katika mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ingawa kusajiliwa BRELA pekee hakumfanyi mtu kuwa wakala wa ajira. Kwa kazi za nje, hasa za majumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba, uwe mkali zaidi: usisafiri kwa visa ya matembezi, na usiondoke kabla hujausoma mkataba kwa lugha unayoielewa na kuiachia familia nakala yake.

Hatua ya tano ni daftari, au jedwali kwenye simu, lenye safu nne: mwajiri, nafasi, njia uliyoitumia na tarehe. Naisisitiza kwa sababu moja ambayo watafuta kazi hawaambiwi. Wasifu wako ukimfikia mwajiri mmoja kupitia tovuti na pia kupitia wakala, au kupitia mawakala wawili, panazuka ubishi kuhusu nani anayestahili kulipwa ada, na baadhi ya waajiri huona ni nafuu kukuacha kuliko kuingia katika mgogoro huo. Kwa hiyo mwandikie wakala tangu mwanzo kwamba asipeleke wasifu wako popote bila kukutajia jina la mwajiri na kupata ridhaa yako. Akikutajia mwajiri ambaye ulishamwandikia, mwambie tarehe uliyotuma. Akikataa kabisa kumtaja, tafuta wakala mwingine.