Gari la kwanza likisimama kwenye zebra
Kwenye barabara ya njia mbili kila upande, hatari ya zebra haiko kwa gari lililosimama. Iko kwa linalolipita pembeni. Dereva, gusa breki mapema ili taa za nyuma ziwake, kisha simama mita 4 au 5 kabla ya mistari, siyo juu yake, ili bodaboda wa njia ya pili amwone anayevuka. Usimpungie mkono avuke. Huwezi kumdhamini aliye nyuma yako. Ukikuta mwenzio kasimama, usimpite: kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa unakula mita 14 hivi kila sekunde, kabla hata mguu haujafika kwenye breki. Nawe unayevuka, ukifika ukingo wa gari lililosimama, simama tena, chungulia, ndipo umalizie.